Iowa Ndani ya Ukumbi wa Kingsbury

Nyinyi mnaokata sauti kwa kidole juu ya kioo hamkuonja raha ya wembe. Sisi tulikata tepu yenyewe. Ulikuwa utepe mwembamba wa rangi ya kahawia. Unauvuta kwa mkono mbele na nyuma mpaka usikie neno linapoanzia, unatia alama kwa penseli, unakata kwa mshazari, unaunganisha. Neno usilolitaka linaanguka sakafuni na unaweza kuliokota. Siku moja nilirudi nyumbani Kingsbury, mama akanibandua kipande begani mwa koti, akauliza, "Na huyu nani?"

Nikamwambia ni waziri mmoja anakohoa.

"Mtupe," akasema, "asije akatuambukiza."

Nimestaafu sasa, na nyinyi vijana wa idhaa mmeniomba niandike machache juu ya kazi. Nitaandika kama ninavyozungumza, huku na kule, msinitafutie mpangilio.

Nawaungamia mapema, kwa sababu kwenye sherehe ya kuniaga watu walisema nilizaliwa na kipaji. Nilizaliwa na wasiwasi. Nilitoka Unguja na mama baada ya mapinduzi, msichana, na kazi yangu ya kwanza katika idhaa ya Kiswahili hapa Landani ilikuwa kuwapigia wenzangu taipu. Utangazaji hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuchungulia kioo cha studio nikipeleka karatasi, na kwa kuokota vipande vya tepu vilivyotupwa, nikavikata na kuviunga saa ya chakula. Nyumbani nilikuwa nikilisomea kabati la nguo taarifa ya hali ya hewa. Nikikosea silabi moja naanza upya, mpaka mama anapiga kelele kutoka jikoni: "Asya! Hiyo mvua imeshanyesha, imekwisha, njoo ule!"

Mara ya kwanza nilipopewa kusoma habari nilisoma bila kosa hata moja. Mikrofoni ilikuwa imefungwa. Bwana Wanjala, msimamizi wa zamu yetu, alisema hiyo ndiyo taarifa bora kabisa ambayo Afrika Mashariki haikuisikia.

Huyu Wanjala lazima niwaelezeni. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, mkubwa wa mwili, mwenye viatu vinavyolia akitembea. Alisikiliza vipindi akiwa amefumba macho. Ukiona amefumbua, ujue kuna kitu hakikumpendeza. Kwa hiyo sote tulijifunza kusoma huku tukitazama kope za Wanjala.

Mwaka mmoja wa miaka ya themanini Wamarekani walikuwa wanajitayarisha kuchagua rais, na mwanzo wa mambo yote ulikuwa katika jimbo la Iowa, katikati ya baridi. Wanjala akaniita.

"Dada yangu, nakupa dakika saba. Nieleze Wamarekani wanampataje mgombea wa chama, na hiyo mikutano ya Iowa inasaidiaje. Kikitoka vizuri, mashine ya taipu tutaitafutia mtu mwingine, wewe utakuwa mtayarishaji wa vipindi. Kikitoka vibaya, mimi na wewe tutaendelea kuwa marafiki, lakini utarudi kwa mashine yako."

Nilikwenda maktaba ya Wembley mpaka mkutubi akawa ananiwekea kiti. Nilisoma, nikaandika, nikafuta, nikaandika. Sikulala vizuri kwa kuogopa kwamba nimechanganya mkutano wa wilaya na mkutano wa jimbo. Hatimaye nikaingia studio nikamsomea Wanjala: "Mikutano ya mchujo ya mitaa huteua wajumbe wa mikutano ya wilaya, ambayo nayo huteua wajumbe wa mkutano wa jimbo, ambao nao huteua wajumbe wa mkutano mkuu wa taifa, ambao ndio humteua mgombea."

Kope hazikufumbuka. Nikaendelea, moyo unapaa. Nilipofika ukurasa wa tatu alikoroma.

Alipoamka hakuona haya. "Kila neno ni kweli," alisema. "Lakini watu wako wapi? Wamesimama? Wamekaa? Wamevaa nini? Mama anakaanga mihogo kule Kakamega, redio iko dirishani, mafuta yanaruka. Ataona nini?"

"Ataona utaratibu wa uteuzi," nikasema.

"Ataona mihogo yake inaungua. Nenda ulete watu."

Niwaambieni jambo la kazi hapa, kabla sijasahau. Ukitaka kujua kama umekielewa kitu, mweleze mtu ambaye mikono yake ina shughuli. Mwenye mikono mitupu atakusikiliza kwa adabu. Mwenye kumenya vitunguu atakusikiliza ukisema la maana tu. Mimi nilimweleza mama, aliyekuwa anamenya vitunguu.

"Wana vyama viwili vikubwa," nikamwambia. "Kila chama lazima kwanza kipate mtu mmoja wa kukisimamia. Majimbo mengi wanachama wanakwenda kituoni wanapiga kura kwa siri. Lakini Iowa, na majimbo mengine machache, wanakutana. Mtaa mzima, watu wa chama kimoja, jioni moja, kwenye skuli au kanisani au hata sebuleni kwa mtu. Wanazungumza, wanabembelezana, wanachagua. Chama kimoja wanaandika jina kwenye karatasi, basi. Chama cha pili ndicho chenye vituko. Kila mtu anakwenda kusimama na wenzake. Wa fulani kona hii, wa fulani kona ile. Wanahesabiwa vichwa."

Mama akaacha kumenya. "Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Na mkweo yumo?"

"Anaweza kuwemo."

Mama akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Sasa Jumapili kwenye mkutano wa safari, wafanyishe hivyo hivyo. Utapata vichwa vya kuhesabu."

Safari yenyewe ilikuwa hii. Kila kiangazi jamaa wa Afrika Mashariki wa Kingsbury, Wembley na Harlesden tulikodi basi kwenda baharini kwa siku moja. Kila mtaa ulikuwa na mkutano wake, kisha ukapeleka wajumbe kwenye mkutano wa pamoja, na huko ndiko pwani ikachaguliwa. Nilikuwa nimehudhuria mambo hayo miaka chungu nzima, na sikuwahi kuona kuwa ndiyo yaleyale niliyokuwa nikiyahangaikia maktaba.

Jumapili nikaenda ukumbi wetu wa Kingsbury na rekoda ya kazini, nzito kama jiwe la kusagia. Nje theluji ilikuwa imegeuka tope. Pwani zilizoshindaniwa zilikuwa tatu, nami nikasimama mbele nikawaeleza sheria. Wanaotaka Brighton wasimame dirishani, na kiongozi wao Bwana Jayanti, Mhindi wetu wa Unguja mwenye duka Kingsbury Road. Wanaotaka Southend waende kona ya mlangoni, kwa Mbarouk, Mpemba anayeendesha basi. Wanaotaka Margate wakae upande wa jiko la ukumbi, kwa mama yangu. Kundi litakalokuwa dogo mno, chini ya sehemu moja ya sita au saba hivi ya watu wote, litavunjwa, na watu wake watahamia wanakotaka. Mwisho, wajumbe wetu sita watagawanywa kwa ukubwa wa makundi.

"Yaani nikae kwa Jayanti hata kama namdai?" akauliza mmoja.

"Kaa," akasema Jayanti. "Ukitoka nitakudai mimi."

Watu wakasambaa wakicheka. Nikaanza kuhesabu na kunong'oneza kwenye mikrofoni, nikijiona mtangazaji kweli. Brighton walikuwa wengi. Southend walikuwa nyuma yao kidogo. Margate walikuwa mama na mashoga zake wawili.

"Margate mmekufa!" Mbarouk akampigia mama kelele. "Njooni huku, Bi Nunu! Southend ni karibu, mkikaa vizuri tu mmefika. Mimi naendesha basi wiki nzima, sitaki Jumapili niwe abiria wa siku kutwa."

"Southend hakuna bahari," akajibu Jayanti. "Maji yakitoka yanakwenda Ulaya. Bi Nunu, njoo dirishani. Brighton kuna gati, kuna taa, kuna upepo mzuri."

"Kuna kokoto," akasema mama. "Mchanga hakuna. Nitawekaje sufuria juu ya kokoto, Jayanti? Pilau ikipinduka utaila wewe?"

"Nitaleta meza! Na halua!"

"Halua ya dukani kwako au ya Maskati?"

Ukumbi ukaripuka. Mimi niko katikati, nashika mikrofoni huku na kule, nina furaha kama mtoto wa Idi, maana haya ndiyo niliyoyasoma vitabuni, kundi dogo limeanguka na makubwa yanalibembeleza. Mama akawashika mikono mashoga zake. Akaanza kutembea kwenda dirishani polepole, kwa maringo, huku Brighton wanampigia vigelegele. Halua ilikuwa imeshinda.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

Aliyeingia alikuwa Maalim Kombo. Maalim alikuwa amesomesha hesabu Unguja miaka mingi, na nusu ya waliokuwemo ukumbini walipita mikononi mwake, Bwana Jayanti mmoja wao, na mimi pia. Alikuwa amevaa makoti mawili, kofia ya kiua juu na ya sufu chini yake, na alikuwa anatetemeka. Akasema, "Asalaam aleikum," akavuta kiti mpaka kwenye hita iliyokuwa pale pale mlangoni, katikati ya kundi la Southend, akakaa.

Mnajua kilichotokea. Mbarouk akainama akambusu mkono. "Shikamoo maalim." Nyuma yake mwingine. Nyuma yake Brighton nzima ikavuka ukumbi, mmoja mmoja, wakubwa mbele wadogo nyuma, shikamoo maalim, marahaba, shikamoo maalim, marahaba mwanangu. Jayanti naye akaja, akainama. Mama akageuza njia na mashoga zake wakamfuata. Dirishani hakubaki mtu, liko pazia tu.

Nikangoja warudi. Hawakurudi. Nani atampa mgongo mwalimu wake wa hesabu, aondoke zake dirishani, amwache mzee peke yake? Wakasimama pale pale, wamejipanga kumzunguka, mikono mbele kama wamo darasani.

"Jamani," nikasema, "wa Brighton rudini kwenu nihesabu."

Hakuna aliyenyanyua mguu. Jayanti akatazama dari.

"Kuna nini?" akauliza Maalim, mikono ameitandaza juu ya hita.

"Tunahesabu watu, maalim."

"Hesabu basi! Wewe Asya, hesabu mpaka leo hujui?"

Nikahesabu. Kingsbury nzima, Southend. Wajumbe sita kati ya sita.

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Mama akauliza mbona sili. Nikamwambia imeharibika, kipindi changu kimeharibiwa na hita, nitarudi kwenye taipu. Nilikuwa nimetaka mfano safi, makundi yanayohesabika, watu wanaohama kwa hoja. Nikapata shikamoo.

Kesho yake nikaenda dukani kwa Jayanti kununua mchele, na uso wangu ulikuwa ule ule. Nikamwambia nalilia Iowa.

"Iowa?" akasema. "Bi Helen, mpangaji wangu wa juu, ametoka huko. Yule Mmarekani. Mwaka mzima ananikanyagia juu ya kichwa."

Vijana, nilikuwa nimesoma maktaba nzima, na Iowa yenyewe ilikuwa inanunua dengu pamoja na mimi. Tangu siku ile, kila nikipewa mada, kwanza nilikwenda dukani, kisha maktaba.

Bi Helen akashuka, mama mnene wa uchangamfu, na soksi za sufu. Nikamsimulia ukumbi wetu wote, nikimwomba msamaha kwa kuichezea demokrasia yao. Alicheka mpaka akashika magunia ya mchele.

"Kwetu aliyeingia alikuwa tajiri wa mume wangu, bosi wake," akaniambia. "Tulikuwa tumesimama kona yetu, skulini. Akaingia, akavua glavu, akatazama huku na huku. Mume wangu akaanza kusogea kidogo kidogo kumfuata, kama mtu anayetafuta hewa. Nikamshika mkia wa koti! Nikamwambia, wewe nenda, mimi nabaki. Nyumbani hatukusemeshana mpaka theluji ikayeyuka. Lakini jirani yangu, ambaye sikuwahi kumsalimia, nilimjua usiku ule, kwa kuwa alisimama kando yangu."

"Kwa hiyo si kosa?"

"Bibi, hiyo ndiyo yenyewe. Kwenye karatasi unakuwa peke yako. Kule uko na watu."

Mngedhani nilielewa hapo hapo. Sikuelewa. Mtu wa wasiwasi hata akiletewa jibu mkononi hulipangusa vumbi kwanza. Nilikwenda kazini nikashika wembe, nikasafisha. Nikakata vicheko. Nikakata kokoto na halua. Nikakata shikamoo zote, moja moja, zikaanguka miguuni mwangu kama nyuzi chini ya cherehani. Nikabakiza sauti yangu ikieleza makundi na wajumbe, na Bi Helen akithibitisha. Kilikuwa kipindi safi kama chumba cha hospitali.

Wanjala akaja kusikiliza. Akafumba macho. Baada ya muda mfupi akayafumbua.

Akatazama sakafu. "Hizi zote ni nini?"

"Makelele, Bwana Wanjala. Watu walikuwa wanamsalimia mwalimu."

Yule mtu mkubwa akapiga magoti juu ya suruali yake iliyonyooshwa, akaokota kipande, akakipitisha mashineni kwa mkono. *Shikamoo maalim.* Akaokota kingine. *Nitawekaje sufuria juu ya kokoto.* Akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanaruka. Akaniuliza yote yalivyokuwa, nikamweleza, mpaka hita.

"Dada yangu," akasema akifuta machozi, "umeniletea watu, halafu umewafagia. Rudisha kila mmoja mahali pake. Huyu mzee ndiye anayenieleza Iowa."

Tulipiga magoti wawili, tukaokota na kuunga. Kipande kimoja cha kicheko kiliungwa kinyume na kikabaki hivyo, kwa sababu Wanjala alisema kinyume kilichekesha zaidi. Nikarekodi upya maelezo yangu, mafupi, kama nilivyomweleza mama akimenya vitunguu. Nikasema kwamba kwenye mikutano ile kura yako inaonwa na jirani, na bosi, na mkwe, na mwalimu wako. Ndiyo maana wengine wanaipenda na wengine wanailalamikia. Nikasema mikutano ya mitaa hutoa wajumbe, wajumbe wakapanda ngazi mpaka mkutano mkuu, na mwenye wajumbe wa kutosha ndiye mgombea. Na nikasema Iowa ina wajumbe wachache tu, ila kwa kuwa ni ya kwanza, nchi nzima hugeuza shingo kutazama nani ameanza vizuri.

Hili la mwisho sikulitoa kitabuni. Lilitokea mbele yangu wiki ile, kabla hatujakwenda hewani. Harlesden na Wembley walikuwa bado hawajakutana. Habari zikawafikia kwamba Kingsbury nzima, mtu hakubaki, wamesema Southend. "Kuna nini huko?" wakaulizana. "Hawa hawakubaliani hata juu ya chumvi, vipi wote?" Walipokutana, nao wakaegemea Southend, kwa kuogopa kupitwa. Kwenye mkutano wa pamoja Brighton ilipata wajumbe wawili, na mmoja wao alikuwa ametumwa na shemeji yake Jayanti.

Kipindi kilipokwenda hewani Wanjala alikisikiliza chote amefumba macho, na safari hii nilimwangalia kifuani kuhakikisha hajalala. Kilipokwisha akainuka, akaenda kwenye meza yangu, akaiinua ile mashine ya taipu kwa mikono miwili, akaibeba mpaka chumba cha pili, viatu vyake vinalia njia nzima. Nami nilikaa mbele ya ile nafasi tupu mezani nikawa naipapasa kwa kiganja, nahofia labda atabadilisha nia aje airudishe.

Kiangazi tulikwenda Southend. Nilimwalika Wanjala na Bi Helen. Tuliposhuka basini maji yalikuwa yametoka, yametoka kweli, tope linang'aa mpaka macho yanapoishia, na bahari hatukuiona. Mbarouk akajifanya anafunga kamba za viatu. Mama akatandika mkeka, akaweka sufuria, haikupinduka.

Maalim Kombo akasimama ukingoni na makoti yake mawili, akatazama lile tope kwa muda mrefu.

"Mimi nilikuwa nataka Brighton," akasema. "Nani amechagua hapa?"

Wanafunzi wake wote tukatazama chini. Wanjala akageuka upande wa pili, mabega yanaruka. Jayanti, kwa sauti ndogo ya darasani, akasema, "Wajumbe, maalim."

"Wajumbe hawajui hesabu," akasema Maalim, akatafuta mahali penye jua, akakaa. Na sote, sahani mikononi, tukahamia upande ule.